Mtoto Asiyetulia: Maoni juu ya Jinsi Tunavyowafundisha Watoto Kuimba

Kila mwaka ifikapo Septemba sharika zetu huanza maandalizi ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Shule ya Jumapili hujaa. Watoto ambao hatukuwaona tangu Pasaka hurudi, mafundi cherehani hupata kazi ya sare, na sisi walimu huingia katika mazoezi ya nyimbo za siku hiyo. Nimekuwa mwalimu wa watoto kwa miaka mingi, na mazoezi hayo nimeyasimamia mara nyingi mno. Ninayotaka kusema ni kwamba namna tunavyowafundisha watoto wadogo kuimba ina kasoro, wala kasoro hiyo haiko kwa walimu wa Jumapili peke yao. Lakini ni haki nianze na yangu.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, umri wake kama miaka sita, ambaye hakuweza kuimba akiwa ametulia. Wimbo ukianza, magoti yanaanza, kisha mabega, kisha mguu wa kulia unapiga sakafu. Hakuwa mtundu. Macho yake yalikuwa kwangu, na maneno alikuwa ameyashika kuliko wenzake. Lakini mimi nilitaka safu zilizonyooka. Nikamwamuru aweke mikono nyuma na asitikisike. Akatii, na alipotii akapotea. Alianza kuchelewa, akaingia mahali pa kunyamaza, akaimba mstari wa pili wenzake wakiwa wa tatu. Nikamtoa kwenye safu, nikamwambia akae kwanza aangalie. Siku ya sikukuu hakuja. Nilipomuuliza bibi yake, aliniambia, "Mwalimu, anasema yeye hajui kuimba."

Niliyapokea maneno hayo kirahisi. Nilijiambia kwamba Mungu hakumpa kila mtu sauti, nikaendelea na wale waliobaki. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtoto yule alijua kuimba mpaka siku nilipomfundisha.

Namna tunavyofundisha tumeirithi, na urithi wenyewe si mbaya. Zile do, re, mi tunazoandika ubaoni zina historia ambayo washarika wengi hawaijui. Mwaka 1841, katika mji wa Hull huko Uingereza, mkutano wa walimu wa Shule ya Jumapili ulimpa mchungaji kijana, John Curwen, kazi ya kutafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto na waumini kuimba. Curwen alichukua njia iliyobuniwa na mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, akaiboresha, ndiyo tunayoiita tonika solfa. Wamisionari waliichukua kwenda nayo karibu kila mahali walipofika Afrika. Kwa hiyo ubao wetu wa kwaya ulizaliwa kwa ajili ya Shule ya Jumapili, na kwa njia yake wakulima na wafanyakazi wasio na kinanda wamejifunza kuimba sauti nne kwa usahihi wa kushangaza. Nani ataidharau kazi hiyo?

Lakini tonika solfa ina nguvu zaidi upande wa kupanda na kushuka kwa sauti. Upande wa mapigo, yaani urefu wa noti, uzito wake, na mahali pa kunyamaza, inategemea nukta na vistari. Wengi wetu tunavipita vistari hivyo macho yakiwa wazi. Sikilizeni kwaya inayojifunza wimbo mpya: noti wanazipata kwa ubao, lakini mapigo wanayapata kwa kumfuata mwalimu, na mwalimu akikosea wote wanakosea naye. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita hali ni ngumu zaidi. Huyo hasomi ubao. Tunamwambia maneno, tunamwimbia, anarudia, tunamkemea, anarudia tena. Wakati wote huo kile kiungo ambacho kingemsaidia kushika mapigo tumekifunga.

Nilianza kufikiri hivi baada ya kusoma kitabu cha Émile Jaques-Dalcroze, Mswisi aliyezaliwa Vienna mwaka 1865 na kufa Geneva mwaka 1950. Kitabu kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1920 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Mapigo, Muziki na Elimu". Huyu alikuwa mwalimu katika chuo cha muziki cha Geneva tangu mwaka 1892. Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Walikuwa vijana waliokwisha kujifunza vyombo, lakini aliona jambo lililomsumbua: walijua kuandika noti wasizoweza kuzisikia vichwani mwao, na vidole vyao vilikuwa vyepesi kwenye kinanda huku hawawezi kushika mwendo mmoja mpaka mwisho. Hata hivyo walipotembea barabarani, miguu yao ilishika mwendo bila kufundishwa na mtu. Akajiuliza kwa nini somo la muziki lianze na vidole na macho, na kuiacha nje miguu ambayo tayari inajua.

Akaanza kuwaondoa kwenye viti. Yeye anapiga kinanda bila kuandaa, wao wanatembea. Kinanda kikienda polepole, hatua zinakuwa ndefu, kikiharakisha, wanakimbia, kikinyamaza ghafla, wanasimama palepale. Baadaye mikono inapiga mapigo ya wimbo wakati miguu inatembea urefu wa noti. Kisha zoezi gumu: wanatembea kile walichosikia kipimo kilichopita huku masikio yakipokea kipimo kinachofuata. Mtu ambaye hajajaribu anaweza kudhani ni mchezo. Nimejaribu mwenyewe jioni moja nyuma ya nyumba, nikipigiwa ngoma na mwanangu, nikashindwa. Na mimi ni mwanakwaya wa siku nyingi.

Geneva haikumpokea vizuri. Huo ndio mji wa Calvin, na watu wake walikwazika kuona wanafunzi wenye miguu mitupu na mikono wazi wakirukaruka kwa jina la elimu. Chuo hakikutaka kuliweka jambo hilo katika ratiba, ikabidi afanye majaribio yake na waliojitolea, nje ya vipindi. Nilipofika kwenye habari hiyo nilicheka peke yangu. Nilidhani mabishano kuhusu watoto wanaotikisika kanisani ni ya kwetu tu, eti kati ya wazee waliofundishwa na Wazungu na vijana wa leo. Kumbe Wazungu nao waligombana juu ya jambo hilohilo, na sababu zilizotolewa ni zilezile: heshima, mavazi, na utulivu.

Sasa niseme ninavyokiona kitabu chenyewe, maana sikukisoma kwa kupiga magoti. Ni mkusanyiko wa insha alizoandika kati ya mwaka 1898 na 1919, kwa hiyo kinajirudia sana. Ana hasira na walimu wa zamani, na mara nyingine hasira hiyo inamfanya aseme kupita kipimo. Anaamini kwamba mafunzo ya mapigo yataponya neva, yatanyoosha nia ya mtu, hata yatalijenga taifa. Hapo mimi ninamwacha. Nimewaona watu wenye mapigo mazuri sana wakiwa na maisha yaliyopinda, na kwaya zinazocheza kwa umoja zikigawanyika kwa sababu ya fedha za kaseti. Mapigo hayaokoi mtu. Mkristo akiisoma sura ile na aisome kama anavyosoma maneno ya daktari wa meno anayedhani magonjwa yote hutoka kinywani.

Tena ana kasoro nyingine ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataiona mara moja. Anaandika kama mtu aliyegundua nchi mpya. Kwake mwili na muziki ni vitu viwili vilivyotengana, naye anatafuta daraja la kuviunganisha. Sisi lugha yetu haikuvitenganisha. Ngoma ni chombo kile kinachopigwa, ngoma ni uchezaji wenyewe, na ngoma ni kusanyiko la watu waliokuja kucheza na kuimba. Mtu akikuambia "kuna ngoma kijijini", hujamwuliza kama anamaanisha kuimba au kucheza. Mtoto wa kwetu anafika Shule ya Jumapili akiwa tayari amezunguka katika ukuti ukuti, ameruka kamba kwa kuhesabu, amepiga makofi ya kupokezana na mwenzake mlangoni. Yale aliyokuwa akiyatafuta Dalcroze kwa vijana wake wa chuo, sisi tunayapokea bure kila Jumapili asubuhi. Kisha tunaweka mikono nyuma.

Najua kwa nini ilikuwa hivyo. Katika misheni nyingi ngoma ilikatazwa, na wazee wetu waliobatizwa walikubali katazo hilo si kwa ujinga. Baadhi ya ngoma zilifungamana na mambo ya jando na unyago, na pombe, na mizimu, mambo ambayo wao walikuwa wameyaacha kwa gharama kubwa. Mtu aliyetoka katika kitu fulani ana haki ya kuogopa harufu yake. Lakini hofu ile ililenga ngoma fulani, za watu wazima, usiku, kwa makusudi maalumu. Ilipofika kwetu ikawa hofu ya goti la mtoto wa miaka sita.

Na kanisa lenyewe limeshajisahihisha, angalau katika vitabu. Pale Makumira, Mmisionari Howard Olson na wanafunzi wake walianza miaka ya 1960 kukusanya mahadhi ya makabila yetu na kuyapa maneno ya imani. Wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, "Mfurahini, Haleluya", ulitoka wakati huo, na leo Walutheri wa Ujerumani na Marekani wameuweka katika vitabu vyao na kuuimba kwa lugha zao. Ni wimbo wa kusogea, ukiuimba umesimama kama mlingoti unauona unavyodhoofika. Mara ngapi nimewafundisha watoto wimbo huo huo wakiwa wamekaa kwenye benchi! Tumewapa wageni mahadhi yetu na miguu yake, tukabaki na maneno.

Kuna utafiti mmoja nataka wazazi waujue, maana unahusu wale wadogo kuliko wote. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Canada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wachanga wa miezi saba. Waliwapigia mapigo yasiyo na msisitizo wowote, yaani huwezi kujua kama ni ya mbili mbili au ya tatu tatu. Wakati huo baadhi ya watoto walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye walipigiwa mapigo hayo yakiwa sasa na msisitizo. Watoto walipendelea kusikiliza yale yaliyolingana na walivyorushwa. Waliofungwa macho walifanya vivyo hivyo. Lakini wale ambao walimtazama tu mtu mzima akirukaruka, wao wakiwa hawasogezwi, hawakuonyesha tofauti. Kutazama hakukutosha.

Fikirini basi mama aliyembeba mwanawe mgongoni kwa kanga, amesimama kwenye ibada, wimbo wa sadaka unaimbwa na safu zinasogea kwenda madhabahuni. Yule mtoto hajui neno hata moja. Lakini mgongo wa mama yake unamfundisha kipimo cha wimbo, hatua kwa hatua, kila Jumapili, kwa mwaka mzima na zaidi. Ndiyo darasa lake la kwanza la muziki wa kanisa, na mwalimu wake hana ubao. Kisha anafika miaka mitano tunamkabidhi kwa mtu kama mimi, naye anaambiwa aketi na kutazama. Tunamrudisha nyuma ya pale alipokuwa.

Mshirika mmoja atasema hapa, "Mwalimu, unazungumzia mambo ya zamani. Siku hizi watoto wanacheza sana kanisani." Ni kweli, na hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Tumetoka kwenye benchi tukaenda jukwaani bila kupita katikati.

Angalieni kwaya nyingi za watoto sikukuu. Muziki unatoka kwenye kinanda chenye mapigo yaliyorekodiwa. Hatua zimenakiliwa kutoka kwenye video ya kwaya ya watu wazima. Watoto wote wanaelekea upande mmoja, upande wa simu za wazazi. Wimbo ukisema juu, mikono inapanda. Ukisema moyo, mikono inashika kifua. Ukisema Shetani, mguu unakanyaga. Mtoto anayekosea hatua anavutwa sikio pembeni baada ya ibada. Je, huyu mtoto anausikiliza wimbo? Mimi nasema hapana. Anamtazama aliye mbele yake. Zima kile kinanda, mwambie aimbe peke yake na kutembea, utaona hatua na wimbo vinaachana kama wageni waliokutana kwenye basi.

Kuna tofauti kati ya mwendo unaoonyesha maneno na mwendo unaojibu muziki. Wa kwanza una faida yake, hasa kwa watoto wa chekechea wanaojifunza maneno. Dalcroze mwenyewe alitunga nyimbo nyingi za watoto zenye ishara za namna hiyo kabla njia yake haijakomaa. Lakini ishara zinaweza kufanywa na mtoto ambaye hasikii muziki wowote. Mwendo wa pili hauwezekani bila kusikiliza. Mtoto anayetembea wimbo wa mapigo matatu lazima aujue ule uzito unaobadilisha miguu, mara kulia, mara kushoto. Anayesimama pale wimbo unaponyamaza lazima awe amesikia kwamba umenyamaza. Sasa hivi watoto wetu, na tuseme kweli, hata kwaya kuu, wanaimba tenzi za mapigo matatu kana kwamba ni manne, maana kinanda cha kurekodi kimewazoesha manne. Sehemu za kunyamaza wanazijaza kwa "aleluya" kwa kuogopa kimya.

Dalcroze naye alipatwa na mtego wa jukwaa. Mwaka 1911 alijengewa chuo kizuri huko Hellerau, karibu na Dresden, na sikukuu za chuo zikaanza kuvuta watazamaji kutoka Ulaya nzima. Mwaka 1913 walionyesha opera ya Gluck kuhusu Orfeo, na hata mwandishi George Bernard Shaw alisafiri kwenda kuona. Yeye alisisitiza kwamba mazoezi yake si maonyesho, ni ya kumjenga anayeyafanya. Watu walisikia, wakaendelea kununua tiketi. Vita vilipoanza mwaka 1914 alitia sahihi malalamiko ya kushambuliwa kwa kanisa kuu la Reims, akawa hawezi tena kurudi Ujerumani. Mwaka 1915 alifungua chuo chake Geneva, mji uleule uliomkataa, na huko akaendelea kufundisha.

Kila ninapozungumza haya mtu hunitajia Daudi na Mikali (2 Sam. 6), na kwa kawaida Mikali hupigwa mawe tena kabla hatujamaliza. Mimi ninamwonea huruma. Mwanamke yule alikuwa ametolewa kwa mume, akanyang'anywa, akapewa mwingine, akarudishwa kwa nguvu huku Paltieli akimfuata analia (2 Sam. 3). Alipochungulia dirishani hakulalamikia ngoma wala tarumbeta. Alilalamika kwamba mfalme alijifunua mbele ya macho ya vijakazi. Naye Daudi alijibu kwamba alicheza mbele za Bwana. Wote wawili, basi, walikuwa wakibishana juu ya swali moja: mbele ya nani? Swali hilo halijibiwi kwa kukataza kucheza, wala halijibiwi kwa kuruhusu. Mtoto tunayempanga aelekee kamera tumeshamjibia.

Bwana wetu aliwatazama watoto wakicheza. Alipotaka kukieleza kizazi kisichosikia, alichukua mfano wa watoto sokoni wanaolaumu wenzao kwamba walipigiwa filimbi nao hawakucheza (Mt. 11). Katika mfano ule tatizo si wachezao, ni wale waliosikia filimbi wakabaki walivyo. Sitaki kuubebesha mfano mzigo usio wake, maana habari yenyewe ni Yohana na Mwana wa Adamu. Lakini huwezi kuutoa mfano kama huo usipokuwa umesimama sokoni ukaona, na ukaona kwamba mtoto aliyesikia vizuri hujulikana kwa kusogea.

Nieleze sasa ninayojaribu, maana kulaumu peke yake ni rahisi. Sina kinanda, wala siwezi kubuni muziki papo kwa papo kama yule Mswisi. Hilo ni tatizo la kweli la njia yake: inataka mwalimu fundi, chumba kitupu, sakafu safi, na watoto wachache. Mimi nina watoto sitini, benchi nzito, na vumbi. Lakini nina ngoma moja ndogo. Ngoma ikilia tunatembea, ikinyamaza tunasimama. Nikipiga polepole wanatembea kama wazee, nikiharakisha wanakuwa kuku. Wakishazoea, ngoma inaacha na wimbo unachukua nafasi yake, pambio moja wanalolijua, na miguu lazima ifuate. Kwa mapigo matatu tunatumia mpira wa soksi: rusha, subiri, subiri, rusha. Mahali pa kunyamaza wanapiga hatua bila kuimba, na hapo ndipo kicheko kinapokuwa kikubwa, maana daima kuna mmoja anayeimba peke yake.

Sasa nina mtoto wa kike anayetumia magongo. Wiki ya kwanza nilifanya kosa lingine, nikampa kazi ya kushika daftari la mahudhurio wakati wenzake wanatembea. Wiki ya pili nilikuta ameliweka chini na anapiga benchi kwa kiganja, mapigo kamili, huku kichwa kikifuata. Nilikumbuka nimesoma kwamba Joan Llongueras, mwanafunzi wa Dalcroze, alifundisha njia hii kwa watoto wasioona huko Barcelona. Tunaposema mwili wote tuwe tunamaanisha mwili wote alio nao mtoto huyo. Siku hizi yeye ndiye anayeanzisha mapigo, na sisi tunamfuata.

Mzee mmoja wa kanisa hakubaliani nami. Ni mtu ninayemheshimu, alikuwa kwenye kwaya kabla mimi sijazaliwa. Aliniita baada ya ibada akaniambia, "Mwalimu, mtoto asipojifunza kutulia mbele za Mungu akiwa mdogo, atajifunza lini?" Nilimjibu, "Shikamoo Mzee, swali lako ni zuri." Kweli ni zuri. Kuna utulivu ambao mtoto anapaswa kuujua, na sikukusudia kuugeuza ufuo wa ibada kuwa uwanja. Ninachokiona ni kwamba watoto waliotembea robo saa kabla ya ibada, wakasimama kila ngoma iliponyamaza, wanakaa kimya wakati wa sala kuliko walivyokaa zamani nilipowatisha. Wamefanya mazoezi ya kimya. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tutaona, na akauliza nani atarudisha benchi mahali pake. Nilimwambia watoto. Hakuamini, na Jumapili mbili zilizofuata alikuwa na haki ya kutoamini.

Yule mtoto wa kwanza ni mtu mzima sasa. Tulikutana mazishini mwaka jana. Wote tulisimama kuimba, kitabu cha "Mwimbieni Bwana" kilikuwa mkononi mwake kimefungwa, na midomo yake haikusogea. Nilitazama miguu yake pia. Sikupata maneno ya kumwambia siku ile, na bado sijamtafuta.

Mwaka huu, kwa ajili ya Mikaeli, nilimwomba mchungaji ruhusa watoto waimbe wakiwa katika duara, mbele ya madhabahu, bila kuelekea watu. Akakubali, kwa wimbo mmoja tu. Walipoanza kutembea, minong'ono ilianza kwenye benchi za wazazi. Mama mmoja alinifuata pembeni, simu mkononi, akaniuliza atampigaje picha mwanawe akiwa amempa mgongo. Nilimwambia asogee karibu na duara. Alisita kidogo, akaangalia wenzake, kisha akasogea.